Mwenye Mali Ashike Skrubu

Nimesikia watu wengi wakisifiwa baada ya kuzikwa, na kila mara hujiuliza sifa zile zinamfaa nani. Ndiyo maana fundi wetu wa Nzuguni namwandika angali hai, Mola amzidishie umri. Haonekani tena sokoni, na watoto wanaokua sasa watapita pale alipokuwa akikaa bila kujua kulikuwa na nini. Lakini mimi naendelea kusomesha chuoni kwa sababu yake. Kifaa changu cha kusikia kilipokufa, kazi yangu ya kuwasikiliza watoto wakisoma Kurani nayo ilikuwa inakata roho. Nitafika huko. Kwanza nimweleze mwenyewe.

Alizaliwa wapi na nani, sikuwahi kumuuliza. Nilimkuta pale amekwisha kaa. Kibanda cha bati, meza yenye alama za kuungua, feni zisizo na vichwa na vichwa visivyo na feni, na mbele ya meza kigoda cha mteja. Yeye mwenyewe mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka mlima wa pili, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Watu wote walimwita fundi, hata mchungaji wake, hata binti yake wa kumzaa.

Siku ya kwanza nilimpelekea pasi. Nikaiweka mezani, nikamwambia nitaipitia baada ya alasiri.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani."

"Pasi ya nani?"

"Yangu."

"Basi kaa. Toa mkono."

Nikatoa mkono, nikidhani anataka malipo kabla ya kazi. Akaanza kufungua pasi, na kila skrubu iliyotoka akaniwekea kiganjani, ya kwanza karibu na kidole gumba, nyingine zikifuatana kuelekea kidole cha mwisho. "Usifumbe, zitachanganyika," akasema. "Usigeuze mkono. Usijikune." Alipotamka neno hilo tu, pua ikaanza kuniwasha. Nikamtazama. Akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Babu zako, Maalim, walipita Ugogo na misafara yao, wakalipa hongo ya njia ndipo wakanywa maji yetu. Wewe hongo yako ni hiyo. Vumilia."

Nilivumilia. Na hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibanda chake: mwenye mali ashike skrubu. Hapakuwa na kuacha kitu na kurudi jioni. Mtu akimtuma dada wa kazi na blenda, blenda ilirudi kama ilivyokuja pamoja na salamu: mwenye blenda aje na mkono wake. Sababu alizitoa mbili, kutegemea siku ilivyoamka. Siku njema alisema, "Ukishaliona tumbo la kitu chako, hutakiogopa tena." Siku ya hasira alisema, "Ukae unione, usije ukaenda kusema kwa jirani kwamba nimekuibia spea."

Serikali ilipohamia kwetu, Nzuguni ilijaa wageni wa kila kabila na kila dini, watu wa ofisini wenye vitu vizuri ambavyo navyo huharibika. Mmoja alikuja na jiko la umeme la kupikia wali, mwanamume mwenye tai, mstaarabu. Akaamriwa akae, akakaa. Mkono mmoja ulishika skrubu, mwingine simu, na kwenye simu alikuwa anamweleza mtu habari za ripoti. Ubishi ulipopanda, akautikisa mkono kuonyesha msisitizo. Akautikisa ule usio na simu.

Skrubu zikaruka. Wakazi wa Dodoma mnaujua mchanga wetu, haurudishi kitu chochote kwa hiari. Tulipiga magoti sote, mimi, muuza mboga wa jirani, na yule bwana na tai yake. Fundi hakuinama. Alichukua sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, akaifunga uzi, akampa.

"Ivute polepole, mheshimiwa. Kama unachunga mbuzi mgonjwa."

Bwana yule akazunguka uwanja wa kibanda akivuta sumaku, na kila aliyepita njiani alimwamkia kwa heshima, jambo lililozidi kumfedhehesha. Skrubu zilipatikana zote, pamoja na msumari na kizibo cha soda. Tukadhani hatutamwona tena. Wiki iliyofuata akaja, akakaa kigodani mikono mitupu.

"Nini kimeharibika?" fundi akamuuliza.

"Hakuna. Nimekuja kukaa tu. Ofisini kwetu sioni kitu kikifunguliwa kikafungwa siku hiyohiyo."

Kuanzia hapo alikuwa mtu wa kibanda, na tai alikuwa anaitia mfukoni kabla hajafika.

Fundi alikuwa na ugomvi mmoja mkubwa duniani, nao ni ugomvi na kile kikaratasi kidogo ambacho viwanda hukibandika juu ya skrubu: usifungue, ukifungua dhamana inakufa. Alikuwa anakibandua kwa ukucha, taratibu, bila kukichana, kisha anakwenda kukibandika kwenye mlango wa kibanda chake. Mlango ule ulikuwa umejaa. Usifungue, usifungue, usifungue, kwa Kiingereza, kwa Kichina na kwa lugha nisizozijua, na mlango wenyewe haukuwa na komeo.

"Nikinunua mbuzi," alikuwa anasema, "mwenye kuuza anakuja nami nyumbani kuniambia nani amchinje? Wamekuuzia nyumba, ufunguo wamebaki nao." Na kauli yake niliyoisikia zaidi ya zote ni hii: "Kitu usichoruhusiwa kukifungua, hukukinunua. Umekiazima."

Kwa kuwa alipenda kubishana na mimi nilikuwa na wasaa, nilimweleza siku moja yale tuliyosoma katika mlango wa mauziano. Muuzaji akiridhia na mnunuzi akiridhia, na bei ikatimia, kitu kimetoka mikononi mwa mmoja kimeingia mikononi mwa mwingine. Muuzaji hana tena la kusema juu yake, isipokuwa kama alificha kasoro, na hapo ni yeye wa kulaumiwa. Nikamwambia pia kwamba tumefundishwa tusifuje maji hata tukitawadha kando ya mto, seuze kutupa feni nzima kwa ajili ya waya mmoja. Alisikiliza kwa umakini usio wake. Kesho yake namsikia anamwambia mteja, "Bandua bila wasiwasi. Maalim ametoa fatwa, kubandua hiki kikaratasi ni ibada."

"Sikusema hivyo," nikalalamika.

"Ulisema kwa maneno marefu. Mimi nimefupisha."

Msidhani alikuwa mtu aliyenyooka kama rula. Yeye aliyewahimiza wote wafungue vitu vyao hakuruhusu mkono wa mtu uguse vyake. Redio yake mwenyewe ilikaa rafuni miaka, bubu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ukimuuliza anasema inapumzika. Aliwakaripia wenye israfu, naye hakutupa hata kipande cha waya, mpaka ikawa ili kuikuta bisibisi lazima ahamishe nusu ya kibanda. Siku ya Jumapili hakufanya kazi kwa kuwa ni siku ya Bwana, lakini akitoka kanisani ukimkuta na kitu kibovu mkononi alikuwa "anakiangalia tu," na kwa kukiangalia kitu huwa kinapona. Aliimba kwaya, na aliimba vibaya. Nasema hivi kwa upendo. Akiwa kazini alikuwa anaguna wimbo mmoja wa kanisani, na mahali fulani katikati sauti ilipotakiwa kupanda, yake ilikuwa inateremka, kila mara palepale, kama gari linaloogopa mlima.

Alikosea pia, na kosa lake moja tunalisimulia hadi leo. Msikiti wetu na kanisa lake vilinunua vipaza sauti visivyo na waya, vya aina moja, dukani kwa mtu mmoja. Vyote vikaharibika, vyote vikaletwa kwake, na wenye mali tukaketi bega kwa bega, mimi na mzee wa kanisa, kila mmoja na skrubu zake kiganjani. Alivitengeneza vizuri sana. Alichosahau ni kuvitenganisha vituo vya mawimbi. Jioni ile mimi nikasimama kuwafundisha watu wazima namna ya kutawadha, na upande wa pili kwaya wakiwa mazoezini, spika yao ikaanza kuwaamrisha waoshe viganja, wasukutue, wapandishe maji puani. Wanakwaya wakanyamaza kusikiliza. Kisha kwetu ikaja kwaya nzima, na katikati ya kwaya sauti moja iliyoteremka mahali pa kupanda. Nikajua hapohapo nimpelekee nani malalamiko.

Mchungaji tulipokutana akaniambia, "Maalim, somo lilikuwa zuri, ila uliishia miguuni. Wengine waliuliza kama kuna sehemu ya pili." Fundi alikuja mwenyewe kuomba radhi, amejitanda khanga, amepiga magoti mlangoni kama mkwe. Alikuwa anacheka lakini anaficha. Sisi pia.

Macho yake yalianza kufifia bila yeye kusema. Tulijua kwa sababu wateja walianza kusomeshwa. "Hapo pameandikwa nini?" alikuwa anauliza, kama mwalimu anayepima mwanafunzi. Kisha akawa anapapasa skrubu kwa ncha ya kidole kabla ya kukuwekea kiganjani. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku moja alimrudishia mteja wa mwisho kitu chake, akafunga kibanda kwa waya, akahamia kwa binti yake Chamwino. Binti alimsihi waende hospitali akasafishwe macho. Akakataa.

Sasa nirudi kwenye sikio langu.

Kifaa changu hukaa nyuma ya sikio la kulia. Wanangu walichangishana wakaninunulia, na nilipokivaa mara ya kwanza nilisikia kuku anatembea. Kwa kazi yangu si pambo. Mtoto anasoma mbele yako, na koo la mwanadamu lina herufi zinazotoka jirani kabisa, moja laini, nyingine nzito. Akiitoa hii mahali pa ile, maana imegeuka, na kama mwalimu hakusikia, mtoto ataondoka na kosa hilo mpaka kaburini. Kifaa kilipokufa, watoto walifungua midomo yao mbele yangu nikasikia upepo tu. Nilitazama midomo. Midomo haionyeshi koo.

Nikaenda duka la mjini tulikokinunua. Kijana wa pale alikuwa na adabu, aliniandikia maneno kwenye simu yake ili niyasome. Hakitengenezwi, mzee wangu, kimefungwa kiwandani. Nikamwomba akifungue aone. Akaandika kwamba hata yeye haruhusiwi. Kipya chake sikukiweza, na wanangu sikutaka kuwachangisha tena. Kamati ya msikiti nao waliona hali. Mwenyekiti akaja nyumbani, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema polepole ili nimfuate midomo: umefanya kazi, Maalim, Mwenyezi Mungu akulipe, mwezi ujao tutamweka mwalimu mwingine ukapumzike. Walisema kwa wema. Nilimshukuru Mola kwa miaka aliyonipa, na nilipomaliza kushukuru nikavaa koti, nikaenda Chamwino.

Nilimkuta amekaa barazani anachambua mlenda kwa kupapasa. Nikamsalimu kwa salamu ya kwao, "Mbukwenyi." Akainua uso upande ambao sipo.

"Sauti ya Maalim. Mbona unapiga kelele?"

Hilo alilisema, naamini, maana binti yake alicheka. Mimi sikusikia. Nikamwekea kifaa kiganjani. Akakigeuza, akakipapasa, akakigusisha mdomoni, na ukucha wake ukaenda moja kwa moja kwenye kikaratasi. Akakibandua. Chini yake palikuwa na skrubu mbili ambazo punje ya uwele ni kubwa kuliko zote mbili. Akamwita binti alete kopo lake la bisibisi, zile alizozichonga mwenyewe kwa spoku za baiskeli, akawa anagusisha ncha ya kila moja mdomoni kujua umbo lake, mpaka akaipata ya pembe tatu. Akanipa mimi.

"Mimi?" nikasema.

Akaelekeza kidole machoni pake, kisha kwenye mikono yangu. Nikaelewa. Mikono yangu ni ya kalamu na kitabu, na ule ulikuwa usikivu wangu uliobaki. Nikiuharibu, nimefunga darasa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikasema bismillahi. Midomo yake nayo ikasogea, akiomba kwa njia yake. Skrubu ya kwanza ikalegea, ikatoka, na nikatafuta mahali pa kuiweka.

"Toa mkono, fundi," nikamwambia.

Akautoa, kiganja juu, na nikamwekea skrubu karibu na kidole gumba, ya pili ikaifuata. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona yeye akishika. Nadhani pua ilimwasha palepale, kwa jinsi alivyoikunja.

Kazi iliyofuata ingefaa kuonyeshwa kwa kiingilio. Mimi niliona na sikusikia, yeye alisikia na hakuona. Nilimwambia ninachokiona na yeye akanipigia kelele cha kufanya.

"Kuna kitu cha kijani penye betri!"

"Kijani cha jani au kijani cha shaba?"

"Nini?"

"CHA JANI AU CHA SHABA?"

Jirani akachungulia juu ya ua, mwiko mkononi. Binti akamwambia hakuna ugomvi, ni mafundi wako kazini. Ilikuwa kijani cha shaba. Jasho langu na vumbi la Dodoma vilikuwa vimekutana pale kwenye kijibati kinachogusa betri, vikaota kutu. Akamtuma binti spiriti na njiti ya kiberiti, akanifundisha kusugua kwa kunichora mkononi mwangu kwa kidole: hivi, polepole, usisukume. Upepo ukavuma katikati ya kazi, ule wetu wa kiangazi, ukainua vumbi la uwanja mzima. Nilifunika kifaa kwa kofia yangu. Yeye alifunika kiganja kwa mkono wa pili, akainama juu yake kama kuku juu ya mayai, na vumbi lilipopita zilikuwapo zote mbili, kila moja mahali pake.

Nikainua kijibati kwa ncha ya sindano, nikarudisha kifuniko, nikaomba skrubu. Akanipa ya mwisho kwanza, kama inavyopasa. Nikavaa.

Kwanza kikapiga mluzi. Kisha kimya. Nikafikiri tumekiua. Kisha, kutoka mbali, kama mtu anayekuja njiani, ukaja ule wimbo wa kanisani, ukapanda, ukafika mahali pake, ukateremka.

"Umekosea hapo," nikamwambia.

Akaacha kuguna. Uso wake wote ukafunguka. "Amesikia!" akamwambia binti. "Maalim amesikia! Tangu lini nakosea?"

"Tangu nikujue."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuwa nimeshika skrubu."

Tulicheka sana, na nikasema alhamdulillahi mpaka ulimi ukachoka. Binti akatuletea ugali na ule mlenda, tukala. Nikijiandaa kuondoka, binti alinitazama akaniashiria macho ya mama yake. Nikaelewa naombwa nini.

"Fundi," nikasema, "kwa nini hutaki waganga wa hospitali wakufungue macho? Wewe umefungua kila kitu Nzuguni."

"Macho si feni."

"Ulisema kitu usichoruhusiwa kukifungua umekiazima."

"Ndiyo. Haya nimeyaazima," akanijibu upesi, akaelekeza juu. "Mwenyewe yuko kule. Muulize yeye kama anaruhusu."

Alidhani amenifunga, na kwa mtu mwingine angekuwa amemfunga. Lakini baada ya mlango wa mauziano, katika vitabu vyetu, kuna mlango wa kuazima.

"Aliyeazima, fundi, hutunza alichoazimwa. Akirudisha, akirudishe kizima."

Nilimsikia akinyamaza, neema ambayo asubuhi ile nisingeipata. Alipapasa uzi wa miwani shingoni, miwani isiyomsaidia tena lakini hakuivua.

"Kwenda nitakwenda," akasema mwishowe. "Ila wewe utakaa hapohapo. Sitaki uniache pale kama pasi, ukarudi baada ya alasiri."

"Nitakaa. Lakini jicho halina skrubu. Nitashika nini?"

Akavuta ule uzi kupitia kichwani, taratibu, akakunja mikono ya miwani mmoja baada ya mwingine.

"Toa mkono," akasema.